Mwalimu na Alhamisi ya Mwisho

Alhamisi ile niliikosea mimi. Nimeiandika sentensi hiyo mara moja bila kuifuta, na ninaiacha hapo juu kabla sijapata ujanja wa kuiteremsha chini ya ukurasa. Kwa miaka tisa niliikana. Niliikana mbele ya mkurugenzi, mbele ya mume wangu, mbele ya wanafunzi wangu. Kibaya zaidi, niliigeuza kuwa kichekesho. Watu wakishashiba karamuni, mmoja angeniambia, "Hebu tusimulie ya yule mzee wa Kisumu aliyepoteza Alhamisi," nami ningesimulia, kwa sauti yake, kwa mikono yake, mpaka watu washike mbavu. Nina kipaji cha kusimulia. Ni kipaji kibaya sana kumpa mtu mwoga.

Basi nimchore vizuri, walau mara moja.

Sisi tuliofanya kazi chini yake tulimwita Mwalimu. Wavuvi na wauza samaki waliokuja kumtafuta ofisini walimwita Japuonj, ambalo ni neno hilohilo kwa Kijaluo. Alikuwa amefundisha hesabu shule za sekondari kwa miaka mingi kabla ya kupewa chumba cha kompyuta katika mradi mmoja wa afya mjini Kisumu, mwishoni mwa miaka ya themanini. Mradi ulikuwa na gari, muuguzi na masanduku ya dawa. Kila mwezi gari lilizunguka masoko na fuo za ziwa likiwapelekea wagonjwa wa kifafa, wa kifua kikuu na wa shinikizo la damu vidonge vyao. Kila kituo kilikuwa na siku yake: Muhoroni Jumatatu ya kwanza ya mwezi, Dunga Jumanne ya pili, na ufuo mmoja mdogo ng'ambo ya Kombewa, nyumbani kwake Mwalimu mwenyewe, Alhamisi ya mwisho. Kazi ya chumba chetu ilikuwa kukitafutia kila kituo tarehe zake, miezi sita mbele, na kuzichapisha.

Utasema, si kuna kalenda? Ndivyo nilivyosema mimi siku ya kwanza, nikiwa na miaka ishirini na minne, shahada ya hesabu na viatu vya visigino ambavyo ngazi za ofisi ile zilivila katika wiki mbili.

"Kalenda inamfaa mwenye kituo kimoja," Mwalimu alinijibu. "Sisi tuna vituo zaidi ya thelathini, na kila kimoja kina ukaidi wake."

Chumbani mwake hamkuwa na kalenda hata moja. Palikuwa na kompyuta mbili, printa iliyolia kama mtu anayechana turubai, na disketi moja laini aliyoiita maktaba. Ndani ya disketi hiyo kulikuwa na programu ndogondogo alizoandika mwenyewe, kila moja ikijua jambo moja tu kuhusu siku. Moja ilijua mwezi una siku ngapi. Moja ilijua ni miaka ipi Februari huongezewa siku. Moja, ukiipa tarehe, ilikuambia ni siku gani ya juma. Nyingine, ukiiambia "Jumanne ya pili", ilikuletea tarehe yake. Karani wa stoo aliposikia kuna maktaba alikuja kuazima kitabu. Mwalimu akamwonyesha disketi. Karani aliigeuza huku na huku, akaipiga kofi dogo, akasema, "Mwalimu, humu hata chawa hatoshi kulala."

Kando ya kompyuta alikuwa na bao la ajua, lile la kwetu lenye mashimo manane kila upande. Shimo la nane alilifunika kwa kizibo cha soda. "Hili Mungu hakuliagiza," alisema. Saba yaliyobaki ndiyo yalikuwa juma. Ukitaka Alhamisi ya pili, unaweka kete ya kwanza katika shimo la siku ambayo mwezi unaanzia, unapanda kete moja moja ukizunguka, mpaka uwe umeifikia Alhamisi mara mbili. Kisha unahesabu kete ulizopanda. Idadi yake ndiyo tarehe. Mimi niliyekuwa nimefundishwa jambo hilo kwa herufi za Kigiriki ubaoni, nililiona kwa mara ya kwanza kwa macho, na nikajifanya sikustaajabu.

Lakini kwa siku ya mwisho ya aina yake hakupanda hivyo. Alilipindua bao likamwelekea upande wa pili. "Cha mwisho kinatafutwa kutoka mwisho," alisema. Unasimama kwenye siku inayofunga mwezi, unarudi nyuma shimo kwa shimo, na Alhamisi ya kwanza utakayokutana nayo ndiyo ya mwisho. Aliyasema maneno hayo kila mara, hata mtu akipoteza funguo. Nilidhani ni msemo wa uzee.

Kila mgeni aliyeingia chumbani alipewa swali moja: juma linaanza lini? Nimeshuhudia watu wazima wakigombana. Dereva wetu, mtu wa Seme, alishikilia Jumatatu, kwa sababu Kijaluo huiita wuok tich, siku ya kutoka kwenda kazini, na kabla ya kazi hakuna siku. Karani wa stoo, aliyetoka upande wa Mumias na aliyekuwa Mwislamu pekee ofisini, alisema ni Jumamosi, jina lenyewe linatangaza mosi. Mwalimu alikuwa Msabato, kwake Jumapili ilikuwa ya kwanza ili Sabato iangukie ya saba. Na mashine iliihesabu Jumapili kuwa sifuri.

"Sifuri!" Dereva aliruka. "Yaani Jumapili si kitu?"

"Kwa mashine, Bwana, hata wewe ukitangulia mlangoni ni sifuri."

"Basi mimi nitaingia wa pili."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akatuambia kwamba hakuna aliyekosea, ila kila mmoja amwambie mwenzake anaanzia wapi. Ugomvi mwingi duniani, alisema, ni watu wawili wanaohesabu vizuri kutoka mahali tofauti.

Usidhani alikuwa malaika wa usahihi. Mtu huyu aliyeweza kukuambia Krismasi ya miaka kumi ijayo itaangukia siku gani alichelewa kazini kila asubuhi. Alifika saa tatu, mguu mmoja wa suruali umekunjwa kwa ajili ya mnyororo wa baiskeli, na hakuwahi kuukunjua hadi jioni. "Mimi najua siku," alijitetea. "Saa ni za watu wa mjini." Siku ya Sabato hakugusa swichi ya kompyuta, lakini mpira ukichezwa, redio yake ndogo iliwekwa ndani ya kapu la mboga, na kapu likakaa karibu na sikio. Na alikuwa mwana wa ziwa asiyekula samaki. Wavuvi waliokuja kuuliza tarehe walimletea ngege kama shukrani, naye aliwagawia wafagiaji, kisha akala sukuma na dengu. "Samaki ana mifupa mingi kuliko Februari ilivyo na siku," alisema.

Kuna jambo moja nililishuhudia ambalo sikulielewa kwa muda mrefu. Mama mmoja mzee alikuja na karatasi ya chifu iliyokunjwa mara nyingi hadi imetoboka kwenye mikunjo. Ilikuwa na tarehe ambayo mwanawe alizama ziwani, miaka mingi nyuma. Yeye na mumewe walikuwa hawakubaliani kuhusu siku.

"Mzee wangu anasema ilikuwa Jumapili," alisema. "Ati nilimwacha kijana aende kuvua Jumapili badala ya kanisani. Japuonj, nimechoka. Niambie."

Mwalimu alipanda kete zake taratibu. Mimi, kwa kiherehere, nikaiuliza kompyuta. Ilijibu haraka: Jumapili. Nilifungua mdomo, na kiatu cha Mwalimu kikatua juu ya kidole changu cha mguu.

"Jumamosi, Mama," alisema. "Mwambie mzee ni mimi nimesema."

Yule mama aliikunja karatasi yake. Hakulia. Alivuta pumzi moja ndefu, kama mtu aliyetua ndoo kutoka kichwani. Alipokwisha kuondoka nilimgeukia Mwalimu, nikamwambia mashine imesema Jumapili.

"Najua. Nimehesabu."

"Basi umemdanganya."

"Tarehe ni ileile, sikuigusa," alisema. "Siku nimemwazima."

Niliandika katika daftari langu kwamba mzee huyu hana msimamo wa kisayansi. Daftari ninalo bado.

Sheria yake kali ilikuwa moja tu. Ukigusa programu yoyote ya maktaba, hata nukta, juu yake uandike herufi za jina lako na tarehe uliyoigusa. "Kazi isiyo na herufi ni mzigo uliotupwa barabarani," alisema. "Kila mtu ataukwepa." Maktaba nzima ilikuwa na herufi zake. Nilitamani sana kuziona zangu humo.

Nafasi niliipata mwezi Juni. Mwalimu alikuwa nyumbani akimuuguza mkewe, na orodha ya Julai hadi Desemba ilipaswa kuchapishwa. Nikaifungua programu ya siku ya mwisho. Ilikuwa ndefu na, machoni pangu, ya kijima: inakwenda hadi mwisho wa mwezi, inauliza mwezi huu una siku ngapi, inarudi nyuma siku moja moja ikiuliza, wewe ni Alhamisi? wewe je? Nilicheka peke yangu. Mwezi una wiki nne. Itafute Alhamisi ya kwanza, ongeza siku ishirini na moja, umemaliza. Mistari tisa ikawa mitatu. Niliijaribu kwa Juni, ikatoa kweli. Nikaijaribu kwa Julai, ikatoa kweli. Mwenye shahada hahitaji kujaribu mwezi wa tatu. Nikaweka herufi zangu mbili juu yake, na tarehe, na nikaziangalia kwa muda kama mtu anayejiangalia kwenye kioo cha duka.

Agosti mwaka huo ilikuwa na Alhamisi tano.

Ufuo ule ulikuwa umechagua Alhamisi ya mwisho kwa sababu yake. Siku hiyo ndiyo akina mama wa kanisa walikutana kila mwezi, wamevaa vitambaa vyeupe, na waliokuwa na wagonjwa walikuja nao. Hawakuhitaji karatasi. Orodha yangu, iliyobandikwa ofisini na kwenye dashibodi ya gari, ilisema tarehe ishirini na tatu. Akina mama walijua ni tarehe thelathini.

Jumatano, tarehe ishirini na mbili, dereva alisimama mlangoni. Mwalimu hakuwepo, alikuwa amempeleka mkewe hospitali. Dereva alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Madam, kesho kweli ndiyo Alhamisi ya mwisho? Mimi naona kama bado moja."

Ningeweza kunyoosha mkono nikavuta bao la ajua. Lilikuwa pale.

"Wewe hesabu ulisomea wapi?" nilimuuliza.

Karani wa stoo alicheka. Dereva naye alicheka kidogo, akavaa kofia. "Ni sawa, Madam. Karatasi ya Mwalimu haikosei."

Hilo nimelificha hata zaidi ya kosa lenyewe. Kesho yake alikwenda, akakuta mbuzi na mitumbwi iliyoanikwa, akangoja hadi adhuhuri, akarudi na masanduku yake. Muuguzi aliandika kwamba wagonjwa hawakufika. Wiki iliyofuata, tarehe thelathini, akina mama walikaa ufukweni na vitambaa vyao vyeupe kutoka asubuhi hadi jua likageuka. Gari halikuja. Wakasema limeharibika njiani. Wakasema litakuja kesho, au Alhamisi ijayo, kwa sababu gari la Japuonj halikuwahi kukosa. Wangeweza kwenda hospitali ya Kombewa. Hawakwenda, walikuwa wakitungoja.

Jirani wa Mwalimu, ua kwa ua, alikuwa na binti wa miaka kumi na sita aliyeitwa Akinyi. Vidonge vyake vya kifafa, pamoja na vya akiba, viliisha siku za kwanza za Septemba. Asubuhi moja alikuwa akikoroga uji, kifafa kikamwangusha motoni. Mama yake alikuwa kisimani. Akinyi alipona, lakini mkono wake wa kulia haukufunguka tena.

Mkurugenzi alikuja kutoka Nairobi. Tuliketi kuizunguka meza, mimi, muuguzi, dereva, Mwalimu, na katikati ya meza karatasi ndefu ya printa yenye matundu pembeni: programu ya siku ya mwisho, mistari yake mitatu. Niliitafuta sehemu ya juu. Palikuwa na herufi za Mwalimu na tarehe ya zamani. Zangu hazikuwepo.

Nakumbuka jinsi nilivyofikiri. Nilifikiri, kumbe nilisahau kuziandika. Nilikuwa nimeziangalia kwa dakika nzima siku ile, lakini kumbukumbu yangu ilibadilisha ushahidi bila hata kuomba nauli.

"Nani aliandika hii?" mkurugenzi aliuliza.

"Mimi," alisema Mwalimu.

"Mzee, wewe? Hujui mwezi unaweza kuwa na Alhamisi tano?"

"Nilikuwa na haraka."

Dereva alinitazama. Yeye alikuwa mtu mdogo ofisini, mwenye watoto sita, na mimi nilikuwa madam. Aliangalia chini. Nami niliangalia chini, na kwa muda tulikuwa watu wawili wanaosoma sakafu ileile. Mwalimu aliondoka mwisho wa mwezi huo. Alibeba bao la ajua na nakala ya disketi, akavifunga kwa mpira nyuma ya baiskeli yake, na akarudi kuishi kwao, ua kwa ua na wale watu.

Miaka miwili baadaye mradi ulifungwa. Nilirudi chuoni, nikafundisha, nikaolewa, nikaanza kuandika makala magazetini kuhusu upuuzi wa watu wengine. Nilijijengea imani kwamba Mwalimu hakujua. Uzee, nilisema, na mke mgonjwa. Aliona mistari mitatu, akadhani ni yake. Kama angejua, si angesema? Na kama hakujua, basi mimi sikumnyang'anya kitu, nilikaa kimya tu, na kukaa kimya si dhambi, hata mawe hukaa. Juu ya imani hiyo ndipo niliposimamisha kichekesho changu. Katika kichekesho, mzee anapanda kete, anakuna kichwa, analiuliza ziwa: "Alhamisi yangu imekwenda wapi?" Hapo ndipo watu walipocheka zaidi.

Kilichonipeleka kwake kilikuwa mwaka elfu mbili. Kila mtu aliogopa kwamba kompyuta zitashindwa kuuvuka, mhariri akataka makala, nami nikakumbuka kwamba namjua mtu mmoja anayeelewa tarehe. Ndivyo nilivyojieleza. Mwezi Agosti nilinunua mkate, sukari na majani ya chai Kombewa, nikatembea kuelekea ziwani nikiuliza kwa Japuonj.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha kamba chini ya upenu wa nyumba, blanketi magotini, ingawa jua lilikuwa kali. Miguu ilikuwa imevimba. Mkewe alikuwa ametangulia zamani. Mguu mmoja wa suruali, nawaapia, ulikuwa umekunjwa.

"Nyathina," alisema, mwanangu, kabla sijajitaja. "Umechelewa. Saa ni za watu wa mjini, siyo?"

Mwanamke mmoja kijana alitoka jikoni na birika. Alilishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungana kama ngumi inayoficha kitu. Alimimina chai bila kumwaga tone, na nilimjua kabla jina lake halijatajwa.

"Akinyi, huyu ni madam wa kompyuta," Mwalimu alisema. "Tulikuwa naye mjini."

"Karibu, Madam," alisema. "Mwalimu anakutaja sana. Anasema ulikuwa na kichwa chepesi kuliko wote."

Sikio langu moja lilisikia sifa.

Bao la ajua lilikuwa juu ya kigoda. Kizibo cha soda kilikuwa bado mahali pake, kimeshika kutu. Ndani ya mashimo saba hamkuwa na kete. Mlikuwa na vidonge, viwili kila shimo, na matatu ya kwanza yalikuwa matupu. Mwalimu aliona ninapotazama.

"Namhesabia," alisema. "Sasa anaweza mwenyewe, lakini ananiachia ili nisikae bure."

"Hajakosea hata siku moja," Akinyi alisema kutoka mlangoni. "Hata siku ile tulipomzika mama yangu, alikuja na kidonge mfukoni."

Tuliongea. Nilimuuliza mwaka elfu mbili utaanza siku gani. Hakuhitaji bao. "Jumamosi," alisema. "Sabato. Mashine zikitaka kupumzika nani atazilaumu?" Akanionya kwamba balaa halitakuwa Januari bali Februari, maana kuna watakaoinyima siku yake ya ishirini na tisa kwa kujua kanuni nusu. "Mwenye kujua nusu ndiye hatari," alisema, na akanisogezea mkate niliouleta mwenyewe. Nilicheka. Kisha nikaweka kikombe chini.

"Mwalimu, ile Alhamisi..."

"Alhamisi gani? Ziko nyingi. Akinyi, mwongeze madam chai."

Akinyi alikuja, akaniongeza, akaenda. Nikaanza tena. "Ile programu ya siku ya mwisho..."

"Umeliona ziwa?" aliuliza. "Magugu yamejaa hadi mitumbwi haipiti. Mwaka huu samaki wamepata amani."

Mara ya tatu sikujaribu. Nataka kusema ni yeye aliyenizuia, na kwa kiasi ni kweli. Lakini mtu aliyekuja umbali huo kusema jambo angeweza kulisema hata juu ya sauti ya birika. Mimi niliona mlango umerudishwa nikashukuru. Niliaga. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Bado unaandika?"

"Ndiyo, Mwalimu. Magazetini."

"Jina lako unaliweka?"

"Wananiwekea."

"Liweke mwenyewe," alisema.

Akinyi alinisindikiza hadi njia panda, akiwa amebeba mfuko wangu kwa mkono ule mzuri. Nilimwachia nambari ya simu ya nyumbani kwenye kikaratasi. Nilimwambia, kama mambo yakibadilika. Alikikunja akakiweka ndani ya kitambaa cha kichwani.

Simu ililia katikati ya Septemba, saa nne asubuhi, nikisahihisha mitihani. Nilisikia kwanza kelele za soko la Kombewa, kisha sarafu ikianguka.

"Madam? Ni Akinyi. Mwalimu ametuacha. Jana, alfajiri."

Nilisema yale ambayo watu husema. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, ingawa kila neno lilikuwa likila sarafu zake.

"Kuna maneno aliniachia," alisema. "Alinifanya niyarudie mara tatu nisikosee. Alisema, 'Mwambie madam herufi zake nilizifuta mimi. Zilikuwa mbili.'"

Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi, na ilikuwa imeacha nukta juu ya karatasi ya mwanafunzi wa watu, nukta inayokua.

"Madam, uko? Hiyo inamaanisha nini? Ni herufi gani?"

Sarafu nyingine ilianguka. Ningeweza kumwambia ni mambo ya ofisi. Angeamini, watu wa kwao wana tabia ya kuamini. Nilimwona akilini Mwalimu jioni ya kuamkia kikao, peke yake na ile printa, akiifungua programu, akiziona herufi zangu mbili na tarehe yangu, mistari yangu mitatu mizuri. Alizifuta. Kisha akaketi mezani akasema "mimi", akarudi nyumbani kuwa jirani wa mkono ule kwa miaka tisa.

"Inamaanisha kwamba karatasi ile niliiandika mimi," nilimwambia. "Ya Alhamisi ile. Hakuwa yeye. Na dereva aliniuliza siku moja kabla, nikamcheka."

Soko liliendelea kupiga kelele upande wa pili. Mtu aliuza viazi. Nilihesabu, sijui nilikuwa nikihesabu nini.

"Nilijua hakuwa yeye," alisema Akinyi hatimaye. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Miaka tisa hakukosea dawa yangu. Mtu wa namna hiyo angekoseaje Alhamisi? Nilimuuliza mara nyingi. Alikuwa ananiambia nihesabu vidonge."

"Akinyi..."

"Sarafu zinaisha, Madam. Mazishi amepanga mwenyewe. Alitaka akina mama wa kanisa wawe wamekutana. Ni Alhamisi ya mwisho. Unajua kuihesabu?"

Kalenda ilikuwa ukutani. Niliweka kidole kwenye siku inayofunga mwezi, tayari kurudi nyuma, na sikuhitaji kurudi hata shimo moja.

"Tarehe thelathini," nilisema.

"Thelathini," alisema Akinyi. "Tutakungoja." Na sarafu yake ikaisha.